Magoti yanacheza nikiwa juu ya nguzo. Mafundi laini mliomo humu, mnaishije na hofu?

Mgeni_wa_Nguzo

Wakuu, heshima kwenu.

Nimemaliza VETA fani ya umeme, nikapata kibarua kwa mkandarasi anayejenga laini za vijijini huku kusini. Kazi ni msongo wa kilovolti 33, nguzo za mita 11 na 12. Nikiwa chini mimi ni fundi kamili: nachimba, navuta waya, nafunga vikombe vya kushikilia waya kabla nguzo haijasimamishwa. Shida inaanza nikivaa vyuma vya kupandia. Mpaka mita tatu niko sawa. Nikipita hapo magoti yanaanza kucheza yenyewe, naing'ang'ania nguzo kwa mikono miwili, na nikifika juu nashindwa kuachia mkono mmoja nishike spana. Wenzangu wanacheka. Fomeni anasema "utazoea".

Nauliza wenye uzoefu: hii hofu inaisha, au mwenye hofu ashuke akatandaze waya majumbani? Na wanaosema ukiogopa ndipo umeme unakupata, ni kweli?

Nawasilisha.

Ngoja_Waje

Ngoja waje wataalamu. Mimi hata stuli ya kubadilishia balbu nashikiwa na mke.

Bwana_Mkato

Dawa ipo mkuu. Enzi za viroba, kabla havijapigwa marufuku 2017, kila genge lilikuwa na mtu wake wa kimoja asubuhi. Unapanda huku unaimba. Siku hizi vijana mnaogopa hadi kivuli.

Mzee_wa_Stei

Bwana Mkato, futa hiyo kabla kijana hajaifuata. Pombe inakuondolea kujua mkono wako uko umbali gani na waya, na kule juu hicho ndicho unachokitegemea. Hofu yenyewe inarudi ukilevuka.

Dogo, karibu kazini. Una hofu mbili na umezichanganya. Moja ni ya urefu. Hiyo inapungua kwa mazoezi, wala kuchekwa hakuisaidii kitu. Nyingine ni ya umeme, na hiyo siku ukiona imepungua, ushtuke.

Nianze na urefu. Kuikumbatia nguzo ndiko kutakakokuangusha. Chuma cha kupandia kina mwiba unaoingia kwenye mti kwa pembe. Ukileta magoti na kifua kwenye nguzo, pembe ile inapotea, mwiba unang'oka, na unateremka hadi chini huku mti unakuchuna mapaja na kifua, tena kwa vibanzi vilivyolowa dawa. Ukikaa nyuma, makalio nje, magoti mbali na mti, uzito ukalala kwenye miguu na mkanda, mwiba unazidi kuzama. Mwili utakataa, kwa sababu mtu akiogopa hujivuta kwenye kile alichokishika. Kwa hiyo ufundishe ukiwa chini. Panda mita moja na nusu, funga mkanda, kaa nyuma, achia mikono yote miwili. Fungua nati, funga nati. Mwambie mwenzako akurushie kofia uidake. Marekani, kwenye shule za kazi hii, wanafunzi hupandishwa nguzo zilizopangwa duara wakarushiana mpira. Lengo ni mtu aanze kuuamini mkanda kuliko viganja vyake. Ukiona mita moja na nusu inakuchosha kwa uvivu tu, ongeza moja.

Na mkanda uizunguke nguzo tangu mguu unapoacha ardhi. Nawaona vijana wanapanda mikono mitupu wakafunga mkanda wakishafika juu. Huo mkanda utakusaidia ukiwa umetulia, lakini safari yote ya kupanda na kushuka, ambako mikono inachoka, uko peke yako.

Si kila goti linalocheza ni hofu pia. Ukisimama muda mrefu umekunja miguu, vigimbi vinachoka na vinatetemeka vyenyewe. Nyoosha goti, pumzisha mguu mmoja kisha mwingine. Kula kabla ya kazi. Na ukiwa juu usitazame mawingu yanayotembea, utaapa nguzo ndiyo inayoanguka.

Mgeni_wa_Nguzo

Mzee, hapo kwenye kukumbatia umenisema mimi kabisa. Nina michubuko kifuani hadi leo. Asante sana. Na nguzo yenyewe naijuaje kama ni salama?

Mzee_wa_Stei

Swali zuri, na ndilo lilipaswa kuja kwanza. Nguzo mpya msiwe na wasiwasi nayo sana, ila angalieni imezama kiasi gani. Kanuni inayotumika sana ni sehemu moja ya kumi ya urefu, ujumlishe sentimita 60. Ya mita 12 inazama kama mita 1.8. Sasa genge likikutana na mwamba, jua limekuwa kali na fomeni anataka idadi, kuna mtu atasema "hapa panatosha". Kama shimo hukulichimba wewe, waulize waliolichimba.

Nguzo ya zamani inaoza pale inapokutana na ardhi, kwa sababu hapo pana unyevu na hewa pamoja. Juu inaweza kuwa nzima kabisa, inang'aa, kumbe shina limeliwa. Fukua kidogo kuizunguka, choma kwa bisibisi nene. Ikizama kirahisi, hupandi. Gonga kwa nyundo kuanzia chini hadi mkono unapofika. Mti mzima unarudisha nyundo na sauti kavu, uliooza ndani unanyamaza. Tafuta njia za mchwa. Halafu tazama stei, ule waya unaoivuta nguzo kutoka ardhini isianguke. Kuna vijiji waya wa stei umegeuka kamba ya kufungia ng'ombe au ya kuanikia nguo, na nguzo ya mwisho wa laini bila stei imeshikiliwa na waya za umeme zenyewe. Ukipanda ukalegeza waya, umekata kilichoisimamisha, na wewe umejifunga mkanda kwenye mti unaoanguka.

Jina langu humu limetokana na hapo.

Mkaa_Swichi

Niko upande wa pili wa simu. Nafanya kazi ya kuzima na kuwasha laini, kituo cha kupoozea umeme. Acheni niseme yanayotuogopesha sisi.

Kwanza, mtu kupiga simu akasema "nizimie ile laini ya kijijini". Laini gani? Fida, yaani laini zinazotoka kituoni, zinafanana majina, na nguzo moja inaweza kubeba mbili. Taja jina la fida, namba ya swichi, eneo, jina lako. Mimi nakurudishia neno kwa neno, wewe unathibitisha. Ukiona nimekubali haraka bila kurudia, kata simu upige upya.

Pili, makubaliano ya saa. "Tutamaliza saa nane, ikifika hapo washa." Hapana. Mtandao wa simu unapotea, gari linapata pancha, nati imegoma, saa nane inafika mtu bado yuko juu. Laini inawashwa pale mwenye kibali mwenyewe anaporudisha kibali na kusema watu wote wameshuka na ethi, zile nyaya za kuunganisha laini na ardhi, zimetolewa. Mtu mwingine hawezi kunirudishia kwa niaba yake, hata awe bosi wake.

Wakubwa wanapiga kelele sana umeme ukikatika. Nawaelewa, na mimi nyumbani nina friji. Lakini kelele zao mtuachie sisi wa kituoni, kazi ya aliye kwenye nguzo si kupokea simu.

Mke_wa_Fundi

Hapo kwenye simu naunga mkono. Masika ikiingia mume wangu anaitwa hata usiku wa manane, mti umeangukia waya mahali. Nilikuwa napiga kumuuliza kafika wapi. Siku moja kiongozi wao akaniambia kwa upole: shemeji, simu yake inabaki kwenye gari, ukitaka habari zake nipigie mimi niliye chini. Tangu hapo nampigia huyo. Naomba wake wenzangu mlijue hilo.

Mzee_wa_Stei

Shemeji umenena. Sasa nije kwenye hofu ya pili.

Dogo aliuliza kama ukiogopa ndipo umeme unakupata. Kuna chembe ya ukweli, ila si ile wanayoidhani. Mtu mwenye hofu anatoka jasho. Ngozi kavu inaweza kuzuia kwa maelfu mengi ya omu, ngozi iliyolowa inashuka mpaka karibu omu 1,000. Kwa umeme wa nyumbani wa volti 230 hiyo ni takriban miliampia 230 kupita mwilini. Kuanzia miliampia 10 hivi misuli inakaza, unashindwa kuachia ulichoshika. Ikifika 50 hadi 100 kupitia kifuani, moyo unaweza kuacha mapigo yake ukabaki unatetemeka tu. Kwa hiyo wale wa "huu ni umeme mdogo" wakikamata waya za msongo mdogo mikono mitupu kwenye manyunyu, wamejitafutia. Kwenye kilovolti 33 habari ya jasho haina maana tena, ngozi haitazuia kitu, na wala huhitaji kugusa. Ukisogea vya kutosha unakurukia wenyewe hewani.

Lakini laini inayowaka kila mtu anaiogopa. Mimi naiogopa zaidi iliyozimwa, kwa sababu ndiyo tunayoipanda tukipiga soga.

Laini iliyozimwa inaweza kuwa na umeme kwa njia nyingi. Kuna fida ya pili inayolishwa kutoka upande mwingine. Kuna laini hai inayokwenda sambamba, ambayo inaingiza umeme kwenye waya wako bila kugusana nao. Kuna radi iliyopiga mbali ambako hata wingu hulioni. Na kuna jenereta, hili nalikalia kidogo.

Transfoma haijui upande wa kuingilia na wa kutokea. Ile inayoshusha 33,000 kuwa 400, ukiilisha 400 kutoka chini itapandisha 33,000 kwenda juu. Mwenye mashine ya kusaga au ukumbi wa video akichomeka jenereta kwenye nyaya zake bila swichi ya kubadilishia, umeme wake unatoka nyumbani, unaingia transfoma, unapanda kwenye laini mliyoiita imekufa. Kuna watu husema haiwezekani, jenereta dogo likibebeshwa kijiji kizima linazidiwa na kuzima. Ni kweli, mara nyingi linazima. Ila pale waya ulipokatikia, upande wa pili zikabaki nyumba mbili tatu tu, halizidiwi. Na waya uliokatika ndiyo sababu ninyi mmekwenda hapo.

Siku moja tumepata kibali, laini imezimwa kituoni, kijana akapandisha tesita, kile kipimo kinacholia kikiona umeme, kwenye fimbo, ikalia. Tukadhani imeharibika. Tukaipima kwenye laini hai ya jirani, nzima. Tukarudi, ikalia tena. Mgambo wa kijiji akatusaidia kusikiliza muungurumo, tukaukuta nyuma ya duka. Mwenye duka alikuwa mpole tu, hakujua. Tangu hapo kabla ya kufungua sanduku la vifaa nasimama dakika nzima kimya kusikiliza kijiji.

Kwa hiyo utaratibu wetu hauruki hatua. Kibali kwa maandishi. Zima, na uone kwa macho pengo kwenye swichi. Kama ni fyuzi za nguzoni, bomba za fyuzi tunazitoa kabisa tunaondoka nazo kwenye gari, mwenye kiherehere asikute cha kurudishia. Kufuli na kibao cha onyo. Pima tesita kwenye kitu unachojua kinawaka, pima laini yako, halafu ipime tesita tena, isije ikawa imekufa katikati ya safari. Ndipo tunafunga ethi, pande zote mbili za mahali pa kazi. Kifungo cha ardhini kwanza, cha kwenye waya baadaye kwa fimbo. Kutoa ni kinyume: waya kwanza, ardhi mwisho. Ukianza na waya umeshika mkononi kipande kinachotafuta njia ya kwenda chini, na njia iliyo karibu ni wewe.

Laini isiyo na ethi mimi naihesabu inawaka, hata kama niliizima kwa mkono wangu.

Stima_Bonde

Niaje wadau, natoka upande wa Kenya, Nakuru. Mzee amesema ukweli mtupu. Niongeze mambo mawili ambayo hayamo kwenye vitabu.

Nyuki. Wanapenda sana masanduku ya mita na nguzo zenye mianya. Ukiwa umefungwa mkanda huwezi kukimbia, na ukipapatika hewani unaweza kutupa mkono kwenye waya. Ukifika kwa nguzo zunguka kwanza, tazama kama kuna wanaoingia na kutoka. Ukiwaona, kazi inangoja wamalizwe.

La pili ni wezi wa mafuta ya transfoma. Wakishayakamua, transfoma inabaki inafanya kazi kwa muda huku inachemka. Fundi anaitwa "stima inaenda na kurudi", anafika, anafungua mfuniko usoni pake. Kama unaona imelowa mafuta chini, bomba limelegezwa, au inanuka kuungua, izime ukiwa mbali na uiache ipoe. Bila mjadala.

Na huku mitaani kuna waya za kuiba stima zinazopita chini ya paa hadi kwenye ua wa bati. Nimeshaona ua mzima una umeme. Usishike bati la mtu kwa kiganja.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Sijawahi kupanda nguzo ila mnaniletea wagonjwa, kwa hiyo nina neno.

Mwenzenu akinaswa, msimshike. Zimeni kwanza. Waya wa msongo mkubwa ukianguka chini, ardhi yenyewe ina umeme, na hatari iko kwenye hatua ndefu: mguu mmoja kwenye volti nyingi, mwingine kwenye chache, mwili unakuwa daraja. Ukijikuta karibu, bana miguu pamoja na uondoke kwa kuburuza nyayo kidogo kidogo bila kuzitenganisha.

Akishakuwa chini, hapumui au anahema kwa kukoroma mara moja moja, msisubiri gari. Mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mbadilishane kila dakika mbili maana mnachoka kuliko mnavyodhani. Mioyo iliyosimamishwa na umeme mingi ni ya vijana wenye afya, ina nafasi nzuri ya kurudi.

Anayeamka akasema "niko poa" mleteni vilevile. Umeme unaunguza ndani njiani unapopita, nje mnaona alama ndogo tu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi ni dalili ya misuli kuharibika, figo ziko hatarini. Na moyo unahitaji kupimwa hata kama anatembea.

Mzee_wa_Stei

Nesi ubarikiwe. Ipo picha maarufu ya 1967 kutoka Jacksonville, Florida. Fundi mmoja, Randall Champion, kanaswa na volti 4,160, ananing'inia kwenye mkanda kichwa chini, na mwenzake J. D. Thompson amempandia, anampulizia pumzi mdomoni palepale juu. Champion alipona. Mpiga picha, Rocco Morabito, alishinda tuzo ya Pulitzer 1968. Watu huitazama wakasema "ushujaa". Mimi naona mtu aliyekuwa karibu na aliyejua la kufanya.

Ukiwa juu huwezi kubonyeza kifua, lazima mtu ashuke upesi. Sasa jiulizeni, genge lenu, mtu akipoteza fahamu juu ya nguzo sasa hivi, nani anapanda, kamba iko wapi, inapitishwa wapi? Chukueni gunia la mchanga lenye uzito wa mtu, lifungeni juu, mlishushe kwa kamba huku mmoja anatazama saa. Mara ya kwanza mtaaibika, ndiyo faida yake.

Bwana_Mkato

Haya yote ni ya mashirika makubwa yenye magari ya ndoo. Kibarua anayelipwa kwa nguzo atasemaje "sipandi"? Kesho hayupo. Kuna wengine kumi getini.

Mzee_wa_Stei

Hapo umesema kweli na sitakudanganya kwa maneno matamu. Kukataa kunagharimu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ipo, OSHA wanaoisimamia wapo, ila hawapo chini ya nguzo yako asubuhi ile.

Ninachowafundisha vijana ni namna ya kukataa bila kugombana. Usiseme "naogopa", wala "hii si salama". Omba kitu. "Bosi, niko tayari, nipe kibali nisaini nipande." "Fomeni, nisaidie kunishikia fimbo tupime kwanza." Mtu mzima akiombwa karatasi hadharani anafikiri mara mbili, maana karatasi ina jina lake. Wengi wanaosukuma watu juu hawako tayari kuandika.

Akikusukuma bado, hapo unachagua. Mimi najua nilichochagua na nina familia, sikuhukumu utakachochagua wewe. Lakini kabla ya yote kajue kama mwajiri wako amesajiliwa na WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango ule analipa yeye, haukatwi kwenye ujira wako, na ukiumia ndio unaohusika na matibabu na fidia. Uliza wakati wa amani, usisubiri uko wodini.

Mgeni_wa_Nguzo

Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Leo nimefanya lile zoezi la chini, kukaa nyuma na kuachia mikono. Magoti yalicheza halafu yakaacha yenyewe. Fomeni aliniona, hakucheka.

Swali la mwisho. Tumepewa glavu za ngozi, nene kweli, za njano. Na moja ya mpira ya genge zima. Hizo za ngozi zinazuia umeme?

Mzee_wa_Stei

Ngozi haizuii umeme hata kidogo. Inavaliwa juu ya mpira kuukinga usichomwe na vibanzi. Ya mpira tazama namba iliyochapwa karibu na mkono wa glavu, kisha ikunje kuanzia juu ubane hewa ndani, isikilize na iweke shavuni. Ikivuja hata kidogo, ikate vidole uitupe, asije akaiokota mtu. Haitakiwi kukaa juani wala kulaliwa na makopo ya grisi, na inapaswa kupimwa maabara kila baada ya miezi sita. Tarehe huwa imepigwa muhuri.

Namba ni ngapi?

Mgeni_wa_Nguzo

Imeandikwa 0. Muhuri wa tarehe umefutika.

Mzee_wa_Stei

Daraja 0 mwisho wake ni volti 1,000. Laini yenu ni 33,000. Irudishe stoo na usainishe kwamba umeirudisha.

Mgeni_wa_Nguzo

Stoo wanasema ndiyo iliyopo.

Mzee_wa_Stei

Basi nyie ni watu wa laini iliyozimwa, ikapimwa, ikafungwa ethi pande mbili. Kazi yoyote nyingine kwenye ile laini si yenu. Tesita na ethi mnazo?

Mgeni_wa_Nguzo

Ethi zipo. Tesita iko kwa genge la pili, wanarudi Alhamisi.

Mzee_wa_Stei

Mnapanda Alhamisi.